Kilomita Themanini za Bwana Lusajo

Tusekile ana miaka sita. Anakaa Bondeni.

Bondeni ni mtaa ulio chini kabisa. Ukitoka Bondeni, kila kitu kiko juu. Shule iko juu. Soko liko juu. Hospitali iko juu.

Na nyumba ya Bibi iko juu kuliko vyote. Iko kule kwenye ukungu, katikati ya mashamba ya viazi.

Mama yake Tusekile anaendesha bajaji. Bajaji yake ya zamani ilikuwa ya mafuta. Kila asubuhi ilikohoa.

Koho! Koho! Tufu!

"Bajaji hii inakunywa kuliko ng'ombe," Mama alisema. "Tena ng'ombe anatoa maziwa. Hii inatoa moshi."

Siku moja, Mama na Tusekile walipita dukani kwa Bwana Lusajo. Bwana Lusajo aliuza bajaji za umeme. Alivaa tai ya njano na viatu vya kung'aa.

Mlangoni palisimama bango kubwa la chuma. Liliandikwa hivi: CHAJI MARA MOJA, KILOMITA 80!

"Kilomita themanini?" Mama aliuliza.

"Themanini!" alisema Bwana Lusajo.

"Hata kwenye mlima?"

"Themanini!"

"Hata nikibeba abiria watatu?"

"Themanini, mama yangu! Betri haihesabu abiria."

Tusekile akanyoosha kidole, kama darasani. "Na mkungu wa ndizi je?"

Bwana Lusajo akacheka. Ha ha ha! "Mama, mtoto wako ana akili sana."

Kisha akageuka kumwonyesha Mama bei.

Bei ya bajaji ilikuwa ndefu. Tusekile alihesabu sifuri zake kwa vidole. Zilijaa mkono mzima.

Mama akauza bajaji ya zamani. Akauza na ndama. Bado haikutosha.

"Utamalizia kidogo kidogo," alisema Bwana Lusajo. "Bajaji yenyewe ni rahisi sana, mama. Kilicho ghali ni bei yake tu."

Basi, bajaji mpya ikaja Bondeni. Ilikuwa ya bluu. Haikukohoa. Haikutoa moshi. Ililia taratibu.

Mii, mii, mii.

Mbele ya usukani kulikuwa na kioo kidogo. Ndani ya kioo kulikuwa na namba. Namba ilisema 80.

"Hizo ndizo kilomita zetu," alisema Mama. "Zote ni zetu."

Abiria wa kwanza alikuwa Mzee Mwasomola. Alikuwa na gunia la viazi.

"Gunia moja tu, Mama Tuse," alisema.

Tusekile akalitazama gunia. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Juu ya mdomo lilishonewa wavu. Na wavu nao ulijaa viazi.

"Mzee, hilo ni gunia moja na nusu," alisema Mama.

"Ah, gunia ni moja! Limenenepa tu."

Wakapanda mlima. Mii, mii, mii. Namba ikashuka.

Abiria wa pili alikuwa na mkungu wa ndizi. "Mkungu mdogo tu," alisema. Watu wawili waliushika ili uingie.

Wakapanda mlima. Mii, mii, mii. Namba ikashuka.

Jioni Mama alihesabu safari zote za siku ile. Zilikuwa kilomita ishirini. Tusekile akatazama kioo. Namba ilisema 40.

"Mama, tumekwenda ishirini. Lakini namba imepungua arobaini."

"Basi kila kilomita moja imekula mbili," alisema Mama.

"Kwa nini?"

"Moja ni ya kwenda. Nyingine ni ya kupanda na viazi vya Mzee Mwasomola."

Mama akachukua waya. Akauchomeka ukutani ili bajaji ile ishibe.

Tap!

Umeme ukakatika. Mtaa mzima.

Baada ya muda mfupi, hodi! Jirani wa kwanza akaja na simu.

"Mama Tuse, wewe si una bajaji ya umeme? Nichajie kidogo tu."

Hodi! Jirani wa pili akaja na simu mbili. "Kidogo tu."

Hodi! Hodi! Hodi! Kidogo tu, kidogo tu, kidogo tu.

Tusekile alihesabu simu kumi na tisa, tochi tatu, na redio ya mwimbishaji wa kwaya. Nyaya zilining'inia kila upande. Bajaji ilifanana na paka anayenyonyesha.

"Mama, si uwakatae?"

"Nitawakataaje, mwanangu? Huyu juzi kanipa chumvi. Yule kakushika mkono barabarani."

Asubuhi umeme ulikuwa bado haujarudi. Namba ilisema 36.

Na siku hiyo haikuwa siku ya kawaida. Siku hiyo Bibi alitoka hospitali.

Mwaka mzima Bibi hakuona vizuri. Alikuwa na mtoto wa jicho, utando mweupe unaoziba macho. Sasa madaktari walikuwa wameutoa.

"Bibi asiingiwe na vumbi," daktari alikuwa amesema, Mama na Tusekile walipokwenda kumtazama. "Asinyeshewe na mvua. Na asitembee mlimani. Afike kwake akiwa amekaa."

Na Tusekile alikuwa amempa Bibi ahadi. Alimwambia hivi: "Bibi, mimi na Mama tutakupeleka. Hutakanyaga chini mpaka mlangoni kwako."

Walipofika hospitali, namba ilisema 28.

"Kutoka hapa mpaka kwa Bibi ni kilomita kumi na nne," alisema Mama.

Tusekile akahesabu kwa vidole. Kila kilomita inakula mbili. "Zinatosha, Mama! Zinatosha sawasawa!"

Bibi akatoka. Alivaa miwani mikubwa myeusi. Alionekana kama rubani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo hii inayokula umeme?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na isipopewa?"

"Inalala."

"Haya. Twende kabla haijasinzia."

Lakini getini alisimama mtu. Alikuwa na tai ya njano na viatu vya kung'aa. Ubavuni alikuwa na bango lake la chuma.

"Mama Tuse! Bahati iliyoje! Nakwenda juu mlimani kuuza bajaji. Nipandishe."

"Bwana Lusajo, mbona hupandi moja ya zako?" aliuliza Tusekile.

"Zangu ziko dukani, mtoto. Zinapumzika."

"Na bango je?" aliuliza Mama. "Ni zito hilo."

"Bango dogo tu."

Mama akamtazama Bibi. Bibi akasogea. "Apande, mwanangu. Hatuwezi kumwacha mtu njiani na mzigo."

Bwana Lusajo akapanda. Bango likapanda. Kruu! Bajaji ikainama.

Safari ikaanza. Mii, mii, mii. Namba ikashuka.

"Nisomee namba, Tuse," alisema Bibi.

"Ishirini, Bibi."

"Mbona inakimbia?"

"Ni upepo," alisema Bwana Lusajo.

Mii, mii, mii. Namba ikashuka.

"Kumi na mbili, Bibi."

"Ni kona hizi," alisema Bwana Lusajo.

Mii, mii, mii. Namba ikashuka.

"Tano, Bibi."

"Ni baridi ya huku."

"Mbili, Bibi."

"Ni... ni Bibi," alisema Bwana Lusajo. "Amekaa upande mmoja."

Bibi akageuka polepole na miwani yake myeusi. "Mimi? Mimi nina kilo arobaini na tano, baba. Nimekaa upande mmoja kwa sababu upande wa pili limekaa bango."

Mii... mi... m.

Kimya.

Namba ilisema 0.

Mama akashuka haraka. Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akatazama juu. Nyumba ya Bibi ilikuwa bado mbali. Zilibaki karibu kilomita tatu, na zote zilikuwa za kupanda.

Wingu jeusi likaja juu ya mlima. Ngu-ngu-ngu, likanguruma.

Tusekile akalitazama wingu. Bibi asinyeshewe. Bibi asitembee. Na yeye alikuwa amempa ahadi.

Akafuta macho. Kisha akanyoosha kidole, kama darasani.

"Bwana Lusajo, zile themanini ulizipimia wapi?"

Bwana Lusajo akatazama viatu vyake. "Barabarani."

"Barabara ya kupanda?"

"Ya... ya kuteremka."

"Ulibeba abiria watatu?"

"Alikuwapo kijana mmoja. Mwembamba."

"Na mkungu wa ndizi?"

"Hapana."

"Mvua?"

"Jua."

"Breki?"

"Hakushika breki," alisema Bwana Lusajo kwa sauti ndogo.

Bibi akacheka mpaka akashika miwani yake isianguke. "Kumbe! Umetuuzia kilomita za jiwe linaloporomoka!"

Kisha Bibi akatega sikio. Akainua kidole. "Sss! Sikilizeni."

Grrrr. Grrrr. Grrrr.

"Hiyo ni mashine ya kusaga," alisema Bibi. "Mashine hiyo inatumia umeme. Iko nyuma yetu, chini ya kona."

"Lakini sisi tunakwenda mbele!" alisema Bwana Lusajo.

"Mbele kuna umeme?" aliuliza Mama.

Bwana Lusajo akashusha mabega.

Basi Mama akaigeuza bajaji. Ikateremka yenyewe, taratibu, taratibu. Na namba ikafanya kitu cha ajabu. Ilipanda! Ikasema 1.

"Mnaona?" alipaza sauti Bwana Lusajo. "Ikiteremka inajichaji!"

"Basi tuteremke mpaka baharini," alisema Bibi. "Tukifika huko zitakuwa themanini."

Nje ya mashine kulikuwa na foleni. Ilikuwa foleni ya madebe na ndoo. Debe la kwanza, ndoo ya pili, debe la tatu. Kila debe lilikuwa na mahindi. Wenyewe walikaa pembeni wakipiga soga. Huko mlimani, debe lako likishasimama, ni kama umesimama wewe.

Mama akaisukuma bajaji mpaka nyuma ya debe la mwisho. Akaiacha hapo, kwenye foleni.

"Shikamooni," alisema Tusekile.

"Marahaba!" wakaitikia wanawake wote.

Lakini Bwana Lusajo alipita mbele. "Nipisheni, jamani! Mimi nina betri ya kilomita themanini!"

"Basi endelea na safari!" alisema mwanamke mmoja. Aliitwa Mama Subi.

"Zimeisha," alisema Bwana Lusajo.

"Zote themanini? Umetoka wapi, baba? Ng'ambo?"

"Hospitali."

Wanawake wakacheka. Mmoja aliketi chini kwa kucheka.

Fundi mashine akatoka ndani. Aliitwa Gwamaka. Alikuwa mweupe kwa unga, hata kope.

"Mashine na betri haviwezi kula pamoja," alisema. "Nikiwasha vyote viwili, swichi inaruka. Kimoja lazima kisubiri kingine. Mnataka umeme kiasi gani?"

"Jaza!" alisema Bwana Lusajo. "Jaza zote themanini!"

"Eeh!" wakasema wanawake. "Tulale hapa?"

"Hapana," alisema Tusekile. "Tunataka sita tu."

Kila mtu akamtazama.

"Kwa nini sita?" aliuliza Fundi Gwamaka.

"Kutoka hapa mpaka kwa Bibi ni tatu. Kupanda, kila moja inakula mbili." Tusekile akaonyesha vidole. "Ni sita. Lakini bango lishuke. Na Bwana Lusajo naye ashuke."

"Hata mimi?" alisema Bwana Lusajo.

"Tena na ile moja ya mteremkoni tunayo," alisema Mama. "Hiyo ni ya akiba."

Fundi Gwamaka akakuna kichwa. Unga ukadondoka. "Sita naielewa. Sita ni muda wa kusaga madebe mawili. Nani atasubiri?"

Mama Subi akatazama madebe mawili ya mbele. Yote yalikuwa ya kwake na ya dada yake. Kisha akamtazama Bibi na miwani yake. Kisha akatazama wingu.

"Nitasubiri," alisema. "Huyu mama ametoka kutibiwa macho. Lakini nikichelewa, mvua itanikuta njiani na unga kichwani. Nani atanibebea debe, ili nitembee upesi?"

Foleni nzima ikamgeukia Bwana Lusajo.

"Mimi nina... nina tai," alisema.

Bibi akamtazama kwa miwani myeusi.

"Sawa," alisema Bwana Lusajo. "Nitabeba."

Mashine ikazimwa. Grrr... gr... Waya ukachomekwa. Na watu wote wakakizunguka kioo kidogo.

"Mbili!" alisema Tusekile.

"Mbiliii!" wakaitikia wanawake.

Ikachukua muda. Wakazungumza habari za mbolea. Wakazungumza habari za harusi ya mtoto wa mchungaji.

"Tatu!"

"Tatuuu!"

Ngu-ngu-ngu, likanguruma wingu.

"Nne! Tano! Sita!"

Na mwisho, namba ikasema 7.

"Chomoa!" alisema Fundi Gwamaka.

Bibi akapanda. Tusekile akapanda. Bango likabaki chini na mwenyewe.

Mii, mii, mii. Bajaji ikapanda mlima, nyepesi. Sita. Tano. Tusekile alishika mkono wa Bibi. Nne. Upepo ulikuwa wa baridi, na ulinukia mvua. Tatu. Mama alikaza mikono kwenye usukani. Mbili.

Mlango wa Bibi ukaonekana.

Mama akaiendesha bajaji mpaka kizingitini, gurudumu la mbele likagusa ngazi. Bibi akanyoosha mguu. Akakanyaga ndani ya nyumba yake.

Pa!

Tone la kwanza likaanguka juu ya bati. Pa! Pa! Pa! Kisha mvua yote ikamwagika.

"Umefika bila kukanyaga chini, Bibi," alisema Tusekile.

"Nimefika," alisema Bibi. "Nimefika vizuri sana."

Mama akaketi kwenye kiti. Akavuta pumzi ndefu. Akacheka peke yake.

Walipokuwa wanachemsha chai, mtu alipiga hodi. Alikuwa Bwana Lusajo. Alikuwa ameshalifikisha debe la Mama Subi nyumbani kwake. Kwa bango lake alikuwa ameufunika unga usilowe, njia nzima. Tai yake ilikuwa nyeupe. Viatu vyake havikuonekana kwa tope.

"Pole, baba," alisema Bibi. "Umetembea kilomita ngapi?"

"Tatu, Bibi. Lakini miguu yangu imehesabu thelathini."

Bibi akampa chai na magimbi ya moto. Akala kwa pupa.

Jirani mmoja wa Bibi akaingia kumpa pole. Alikuwa mkulima wa kabichi. Aliiona bajaji ya bluu pale nje.

"Bajaji nzuri hii," alisema. "Inakwenda kilomita ngapi?"

Bwana Lusajo akafungua mdomo. "Thema..."

Tusekile alikuwa amenyoosha kidole, tayari.

Bwana Lusajo akafunga mdomo. Akameza gimbi. Akaanza upya.

"Inategemea, ndugu yangu. Ukiteremka mwenyewe, nyingi. Ukipanda na mzigo, arobaini. Ukibeba viazi vya watu wa huku, sema thelathini na tano."

Jirani akafikiri. "Mimi nakwenda sokoni tu. Kwenda na kurudi ni kumi na sita. Thelathini na tano zinanitosha sana. Jumatatu nitakuja kuiona."

Bwana Lusajo akamtazama kwa mshangao. "Hata bila themanini?"

"Themanini nikafanyie nini? Niende wapi?"

Mvua ikapungua. Jirani akaenda zake. Bwana Lusajo naye akashuka mlima kwa miguu, akiwa amechoka mwili mzima lakini akipiga mluzi.

Jua likazama. Mama akawasha taa ndogo. Bibi akavua miwani yake myeusi, kwa sababu mwanga ulikuwa hafifu.

Akamwita Tusekile kitandani. Akamtazama. Akamtazama tena, karibu kabisa.

"Tuse, fungua mdomo. Meno yako mawili ya mbele yako wapi?"

"Yameng'oka, Bibi. Zamani."

"Na hakuna aliyeniambia!"

"Si ulikuwa unaniona kila nikija?"

"Nilikuwa naona ukungu unaoongea," alisema Bibi.

Tusekile akacheka, pengo lote likaonekana. Bibi akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Tusekile akapiga miayo, mara moja, mara mbili, na macho yake yakajifumba.

Bibi hakulala upesi. Alikaa pale pale kando ya kitanda, akimtazama.